Masanduku Mawili, Nafasi Moja: Mtihani Umewatenganisha Pacha Wangu

Mwalimu,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mama wa watoto watano na mfanyabiashara wa nafaka hapa Busia, upande wa Uganda. Safu hii nimekuwa nikiisoma tangu siku zile tulizofungia karanga kwa magazeti ya zamani, na sikudhani kwamba ningekuja kushika kalamu mwenyewe. Lakini sasa ni wiki ya tatu sijapata usingizi wa maana. Mume wangu ni dereva wa lori kati ya Mombasa na Kampala. Hufika nyumbani mara mbili kwa mwezi, na kila akifika tunalizungumza jambo hili hadi jogoo anawika na hatujafika popote.

Vitinda mimba wangu ni pacha, msichana na mvulana, wa miaka 13. Waliingia P.1, yaani darasa la kwanza la msingi, siku moja, wakakaa dawati moja hadi P.3, na Novemba iliyopita walifanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi katika chumba kimoja. Matokeo yalipotoka nilituma namba zao kwa simu nikiwa dukani, mteja amesimama mbele yangu akisubiri kilo mbili za maharagwe. Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa binti: agrigeti 7, yaani jumla ya madaraja ya masomo manne, ambayo ikiwa ndogo ndiyo bora. Nilipiga kigelegele hadi watu wa duka la jirani wakaja kuuliza kuna nini. Ujumbe wa pili ulikuwa wa kijana: 19. Nikazima simu. Mwalimu, mwanangu alikuwa nyuma yangu akishona gunia, na aliona nilivyoizima.

Kabla ya hapo tulikuwa tumewanunulia masanduku mawili ya bati, yote ya buluu, na fundi akaandika jina la kila mmoja kwa rangi nyeupe. Wote wawili walikuwa wamechagua shule ileile, shule kongwe ya bweni ya wavulana na wasichana karibu na Kampala. Binti ameitwa. Mwaka huu alama za mwisho za kuingilia kwa wasichana zilikuwa hizo hizo 7, kwa hiyo ameponea mlangoni. Karo ni shilingi 1,900,000 kwa muhula, na muhula wa kwanza, ukijumlisha godoro, sare, rimu za karatasi, ndoo, fyekeo na mengine yaliyo kwenye orodha, unafika 2,400,000. Sanduku lake limekwisha kujaa. La kaka yake nililitia maharagwe ya kuuza kwa kuwa stoo ilijaa, na siku ile sikufikiri lolote juu ya hilo.

Mume wangu anasema aliyefaulu aende na aliyeshindwa ajifunze. Kijana, kwa maoni yake, aingie shule ya serikali ya kutwa hapa mjini, ile ya mpango wa elimu ya sekondari kwa wote, ambayo haimkatai mtoto. Shemeji yangu anayeishi Mukono amejitolea kumlipia kijana arudie P.7 katika shule ya binafsi ambayo, anavyosema, hutoa agrigeti 4 kama tofali. Mimi moyo wangu unataka wote wawili waingie hiyo shule ya hapa mjini, wakae tena dawati moja, na pesa zitakazobaki niwatafutie mwalimu wa jioni. Lakini naogopa kwamba nitakuwa nimemkata binti yangu mbawa.

Naomba uelewe kwamba siwapendi kwa vipimo. Ni kweli tu kwamba binti ana kichwa cha shule na kaka yake ni mtu wa mikono. Hutengeneza redio na taa za sola za majirani, na hulipwa. Hata shule zilipofungwa kwa sababu ya korona wakiwa P.3, binti nilimpeleka Tororo kwa dada yangu ambaye ni mwalimu, na alisoma kila siku. Kijana nilibaki naye dukani kwa sababu biashara ya mpakani ilikuwa imelala na sikuweza kumlipa msaidizi.

Wiki iliyopita binti aliniambia usiku, taa ikiwa imezimwa: "Mama, kama yeye haendi, mimi siendi." Kijana alipoulizwa na baba yake alijibu kwamba yeye ataendesha lori. Sijui kama alisema kwa kupenda au kwa hasira.

Je, ni haki kumpandisha mmoja na kumwacha mwingine chini? Au niwaweke pamoja? Siku ya kuripoti shuleni haiko mbali.

Mama Pacha, Busia

*

Nalongo,

Niruhusu nikuite hivyo, yaani mama wa pacha kwa Kiganda, kwa kuwa nina hakika ndivyo wateja wako wanavyokuita, hata wale wasiojua Kiganda. Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nimekwama pale ulipozima simu. Sikulaumu. Mtu anayeletewa furaha na huzuni katika dakika moja, tena mbele ya mteja, hana nafasi ya kuchagua uso wa kuwaonyesha watu. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu nadhani mwanao bado yuko pale nyuma yako na sindano ya gunia mkononi, na lolote mtakalomwambia kuhusu shule atalisikia kutoka mahali pale alipokuwa amekaa.

Nikikuelewa vizuri, umefunga maswali mawili katika furushi moja. Moja ni la shule: ipi itamfaa nani, na kwa gharama gani. Jingine ni la nyumbani: watoto waliozaliwa siku moja wamepimwa kwa mizani moja, uzito ukatofautiana, na sasa mnahofia mizani hiyo isije ikahamia kwenye meza mnayolia chakula. Nahisi mnabishana usiku kucha juu ya swali la kwanza kwa sababu hilo la pili linauma zaidi.

Kabla sijafika kwenye shule, nitakurudisha kwenye sentensi zako mwenyewe. Umeandika kwamba binti ana kichwa cha shule na kijana ni mtu wa mikono. Kisha, katika aya hiyo hiyo, umeandika kwamba shule zilipofungwa binti alikaa nyumbani kwa mwalimu na kijana akakaa dukani. Shule zetu zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022, na hakuna nchi iliyofunga kwa muda mrefu kuliko sisi. Mtoto wa P.3 ndiyo kwanza anaanza kusoma aya nzima bila kuweka kidole chini ya neno. Pacha mmoja alipata karibu miaka miwili ya kusomeshwa karibu peke yake, na mwingine alipata karibu miaka miwili ya kupima maharagwe ili ninyi nyote mle. Sikuambii kwamba tofauti ya 7 na 19 yote imetoka hapo, kwa kuwa watoto hutofautiana hata wakilelewa sawasawa. Nakuomba tu ulichunguze neno "kichwa" kabla halijawa jina la mtu. Na kama kuna deni ndani ya ile 19, basi si la kijana peke yake.

Shule zetu kongwe za mchujo, yaani zinazochagua watoto kwa alama, nyingi zilianzishwa na wamisionari: Namilyango mwaka 1902, Gayaza 1905, Budo na Kisubi 1906. Kwa miongo mingi nafasi za sekondari zilikuwa chache mno kuliko watoto, na mtihani ulikuwa chujio la kuamua nani apite. Mambo yamebadilika kwa namba: elimu ya msingi kwa wote ilianza 1997, na ya sekondari kwa wote 2007. Namna ya kufikiri, hata hivyo, imebaki ya zamani. Bado tunalitazama daraja la kwanza, yaani agrigeti 4 hadi 12, kama kuokoka, na daraja la pili, alikoangukia mwanao, kama kuachwa na basi. Mtoto mwenye 19 amefaulu, Nalongo. Mume wako anaposema "aliyeshindwa", anatumia neno ambalo hata baraza la mitihani halikulitumia kwa mtoto huyu.

Waingereza, ambao kwao ndiko tulikouokota mtindo huu, walikuwa na mtihani wao wa miaka 11. Sheria yao ya elimu ya 1944 iliwafungulia watoto wote sekondari ya bure, lakini watoto wakagawanywa: wachache waliofaulu mtihani wakaenda shule za taaluma, na wengi wakaenda shule za kawaida ambazo kila mtu alijua kwamba ni za waliokosa. Familia nyingi ziligawanyika kama yako inavyotaka kugawanyika. Kuanzia 1965 serikali yao ilianza kuhimiza shule zinazopokea wote. Hata hivyo England bado ina shule 163 za mchujo, na katika maeneo kama Kent ubishi huu haujaisha hadi leo. Wafini waliunganisha shule zao katika miaka ya 1970, wakiahirisha mgawanyo hadi mtoto afike miaka 16. Wajerumani, katika majimbo yao mengi, huwatenga watoto wakiwa na miaka 10 tu. Na hapo ng'ambo ya geti lenu la forodha, Wakenya walifanya mtihani wao wa mwisho wa darasa la nane mwaka 2023, na mchujo mkubwa wameusogeza hadi baada ya gredi ya 9. Nayataja haya ili uone kwamba umri wa miaka 13 haukuandikwa mbinguni kuwa umri wa kuwatenganisha watoto. Umeandikwa na watu waliokuwa na madawati machache.

Sasa, je, shule ya mchujo humfanya mtoto afaulu, au hukusanya watoto ambao wangefaulu popote? Hili ndilo swali ambalo wazazi hawaliulizi, na mimi mwenyewe niliyefundisha katika shule za aina zote mbili sikuliuliza hadi nilipokaribia kustaafu. Tunaona majina gazetini, tunaona shule moja ina wanafunzi mia wenye alama za juu, tunasema shule ile ina siri. Ukimchukua kila mwenye 4 hadi 7 nchini ukawaweka chini ya mwembe, mwembe nao utatoka gazetini.

Wachumi wawili, Adrienne Lucas na Isaac Mbiti, waliupima ubishi huu huko Kenya kwa njia ya busara. Waliwalinganisha wanafunzi walioponea kidogo tu kuingia shule za kitaifa na wale waliozikosa kwa alama chache, kwa maana watoto hao kwa kweli walikuwa sawa ila bahati. Miaka minne baadaye, katika mtihani wa kidato cha nne, hawakuona tofauti ya maana iliyoletwa na shule yenyewe. Nimeutaja utafiti huu kwa sababu unamhusu hasa mtoto aliye mlangoni, na umeniambia kwamba binti yako ameingia kwa alama ya mwisho kabisa. Huko Romania watafiti wengine walikuta hali iliyochanganyika: walioponea kuingia shule bora walifanya vizuri kidogo katika mitihani, lakini walielekea kujiona wanyonge kati ya wenzao, na wazazi wao walipunguza juhudi za kuwasaidia, kana kwamba shule imewapokea mtoto pamoja na kazi yote.

Hata hivyo nisikuegemeze upande mmoja, maana kuna ushahidi unaokwenda kinyume, tena wa karibu nawe. Mwaka 2005, magharibi mwa Kenya, watafiti wakiongozwa na Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walizipa shule 121 za msingi mwalimu wa ziada wa darasa la kwanza. Katika nusu ya shule hizo watoto waligawanywa kwa alama, katika nyingine waligawanywa bila kuangalia alama. Palipogawanywa kwa alama, walio juu walipanda na walio chini wakapanda pia, kwa kuwa mwalimu aliweza kufundisha mahali watoto walipo badala ya kuwakimbiza wachache wa mbele. Angalia lakini sharti lililojificha hapo: makundi yote mawili yalikuwa katika shule moja, na kundi la chini lilipata mwalimu sawa na kundi la juu. Katika mfumo wetu anayepelekwa upande wa chini hupelekwa pia kwenye maktaba ndogo.

Na kuna mambo ambayo hakuna mtihani unaoyapima. Msichana wa miaka 13 aliye bweni hasafiri kwa bodaboda jioni, hapiki kabla ya kusoma, wala haitwi dukani lori la mahindi likifika. Atapata marafiki ambao miaka ishirini baadaye watakuwa wanasheria na madaktari, na katika nchi hii kujuana hakudharauliwi. Nisingependa uone kwamba namba za wachumi zimeyafuta hayo.

Niliwahi kufundisha S.1, mwaka wa kwanza wa sekondari, katika shule ya wasichana ya mchujo. Kila Februari waliingia mabinti 120 na kila mmoja alikuwa wa kwanza alikotoka. Kwenye mtihani wa kwanza wa muhula ilikuwa lazima mmoja awe wa 120. Mwaka mmoja, siku ya wazazi, mama mmoja alikuja amebeba kuku na maandazi, akamtafuta mwanawe uwanja mzima, akamkuta amelala bwenini anajifanya mgonjwa. Tulipoinua godoro ripoti ilikuwa chini yake, imekunjwa mara nane hadi ikawa kama kipande cha sabuni. Alikuwa wa 71. Kwao hakuwahi kupita wa pili. Alama zake hazikuwa mbaya hata kidogo, na katika shule ya kutwa ya wilayani kwao angeitwa mbele kila Ijumaa apigiwe makofi. Wengine, wakiwekwa kati ya wenye nguvu, hunyanyuka. Wengine hupungua, na nimewaona wa aina zote mbili. Wewe unamjua binti yako: je, akishindwa katika jambo hulirudia kwa ukaidi, au hulificha?

Nikija kwa kijana, pendekezo la shemeji lina upendo ndani yake na sitaki kulibeza. Lakini kurudia P.7 kunahitaji sababu iliyo wazi zaidi ya kutamani namba ndogo. Kama kuna somo aliloliacha nyuma kwa sababu ya ule muda wa dukani, mwaka wa kulijaza unaweza kumfaa, hasa kusoma na kuandika Kiingereza, ambacho ndicho kinachobeba masomo yote mengine. Kama ni kukaririshwa maswali ya miaka iliyopita kuanzia saa kumi alfajiri ili apate 8, basi mtakuwa mmenunua namba, na Februari ya mwaka ujao ataingia S.1 dada yake akiwa S.2. Atakuwa nyuma yake mwaka mzima hadi chuo. Kwa pacha, mwaka huo ni mrefu kuliko unavyoonekana kwenye kalenda. Mwulizeni yeye. Katika barua yako yote sijaona mahali alipoulizwa ila lile swali la baba lililojibiwa kwa lori.

Shule ya hapo mjini isihukumiwe kwa jina lake, wala isisifiwe kwa jina lake. Tunaposema "shule ya wote", Mfini anamaanisha shule yenye walimu waliosomea kazi kwa kina katika kila kijiji. Sisi wakati mwingine tunamaanisha darasa la watoto tisini na mwalimu wa fizikia anayefika Jumanne na Alhamisi. Nenda ukaone. Usiende ofisini kwanza. Omba kuonyeshwa maabara. Ufunguo ukipatikana mara moja na meza zikiwa na madoa mapya, hiyo ni shule. Kufuli likiwa na kutu na kiranja akatumwa kumtafuta mtu aliyekwenda mazishini, umejua. Uliza pia walimu wangapi wanakaa karibu na shule, na wanafunzi wangapi walioingia S.1 wakafika S.4, swali ambalo ni bora kuliko kuuliza wangapi walipata alama za juu.

Jambo moja linampa nafasi mtoto wa aina ya mwanao kuliko zamani. Tangu 2020 sekondari ya chini ina mtaala mpya. Kazi anazofanya mwanafunzi shuleni, pamoja na miradi ya kutengeneza vitu, hubeba asilimia 20 ya matokeo ya S.4, na mtihani wa mwisho asilimia 80. Kijana anayelipwa na majirani kwa kutengeneza taa za sola ana kitu cha kuonyesha, ikiwa shule itakuwa na mwalimu wa kukiona. Tena baada ya S.4 mlango wa shule za mchujo hufunguka upya kwa S.5, na kila mwaka wapo wanaoingia humo wakitoka shule za kutwa. Kwa hiyo mnachokiamua mwezi huu kinahusu miaka minne, na huenda mambo yakawa mepesi mkilizungumza kwa kipimo hicho.

Sasa wazo lako la kuwaweka pamoja, ambalo naona ndilo lililo karibu zaidi na moyo wako. Lina faida ya kweli: pacha hawa wanategemeana, na pesa ni kitu. Mihula 12 ya miaka hiyo minne kwa shilingi 1,900,000 ni 22,800,000, kabla karo haijapanda, na sote tunajua hupanda. Fedha hizo zingeweza kuwalipia wote wawili mwalimu wa jioni, vitabu, na bado zikabaki za chuo cha ufundi au chuo kikuu. Ila fikiria pia mzigo usioonekana. Siku binti atakapopata ripoti mbaya katika shule ya hapa mjini, atakumbuka nafasi aliyoiacha. Na kaka yake atakuwa anatembea kila asubuhi kwenda shule kando ya mtu aliyejinyima kwa ajili yake, jambo ambalo mvulana wa miaka 14 au 15 hulibeba vibaya sana. Wengine huacha shule ili kumwachia mwenzao huru. Upo pia uwezekano kwamba hayo yote yasitokee, na wakawa wanacheka njiani kama zamani.

Lile neno la binti gizani, "kama yeye haendi, mimi siendi", naomba usilipokee kama uamuzi wala usilipuuze kama utoto. Huenda ni upendo. Huenda pia anaogopa kwenda mahali ambapo hatakuwa wa kwanza, na kumtaja kaka ni njia ya heshima ya kulisema hilo. Mwulize mkiwa peke yenu, mkifanya kazi ya mikono, si mbele ya baba. Mwulize angetaka nini kama kaka yake naye angekuwa ameitwa shule nyingine nzuri. Jibu lake hapo litakuonyesha ni lipi kati ya hayo mawili.

Mkiamua kuwatenganisha, kaeni kwanza na mume wako mkubaliane kwamba kila mmoja atapata kitu chake kinachogharimu. Simaanishi milioni mbili kwa milioni mbili. Kama mmoja anapewa shule ya mbali, mwingine anaweza kupewa masomo ya jioni, kisanduku cha zana za umeme zilizo zake, na haki ya kutoitwa dukani saa za kusoma. Hilo la mwisho halina bei dukani kwako ila ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu lori likifika ni yeye unayemwona kwanza. Mume wako naye, kwa kuwa ni yeye aliyetajwa katika lile jibu la lori, anaweza kumchukua kijana safari moja ya wikendi, ampandishe kwenye kiti cha mbele na kumwacha azungumze. Barabarani kuna nafasi ya kusema ambayo haipatikani nyumbani.

Mkiamua kuwaweka pamoja, mwandikieni mkuu wa shule ile ya Kampala mapema ili nafasi ipewe mtoto mwingine anayesubiri, na muulize kwa adabu masharti ya kuingia S.5. Mkiona bado hamjui, binti anaweza kwenda muhula mmoja mkiwa mmekubaliana naye, mapema na bila aibu, kwamba kurudi kunaruhusiwa. Hatari ya njia hiyo ni kwamba karo ya muhula haitarudi, na mtoto anayejua kuna mlango nyuma yake wakati mwingine hutazama mlango tu.

Niandikie tena baada ya wiki ya kwanza ya muhula, hata kama ni mistari miwili. Na lile sanduku la pili lenye jina la mwanao, Nalongo, tafadhali litoe maharagwe kabla baba yake hajafika safari hii. Maharagwe yanaweza kukaa kwenye gunia.